Siku Ambayo Mwamvita Hakufika

Mwaka ule Katesh ilikuwa na maduka kumi na moja, yote ya bati, yamejipanga upande mmoja wa barabara ya Singida, na mlima Hanang umekaa nyuma yake. La saba ukihesabu kutoka upande wa Babati liliitwa duka la Bashiri. Watu walisema hivyo kwa mazoea tu, maana nyumba yenyewe ilikuwa ya Halfani. Bashiri alikuwa mpangaji.

Aliingia humo miaka kumi na mmoja nyuma, wakati lilipokuwa ghala la ngozi. Sakafu ilikuwa ya udongo, paa lilivuja, na harufu ya ngozi mbichi ilikuwa imeingia hata kwenye kuta. Yeye na mkewe Mwamvita walisiliba kuta kwa mikono yao. Walimwaga saruji, wakapiga rafu na kaunta ya mninga, wakagawa sehemu ya nyuma kuwa chumba cha kulala, na katikati wakatundika pazia la marekani. Kazi ilipokwisha Halfani alikuja kutazama. Alipita huku na huku mikono nyuma, akagonga kaunta kwa kidole, akasema sasa hii ni nyumba. Mwaka uliofuata alipandisha kodi, kwa sababu nyumba ilikuwa imekuwa nzuri.

Bashiri alicheka. Ndivyo alivyokuwa. Halfani alimwita mdogo wangu, naye Bashiri alimwita kaka, ingawa mmoja alikuwa Mrangi wa Kondoa na baba wa mwingine alitokea Tabora na misafara. Ugenini watu hujitengenezea udugu, na Mwamvita naye aliupokea udugu huo kama mumewe alivyoupokea. Kwa hiyo Halfani akawa shemeji yake.

Mwezi wa tatu, mvua za masika zilipoanza, Bashiri alilowa njiani akitoka Getanuwas kununua samli. Alilala na homa ya mapafu siku sita. Siku ya saba alizikwa.

Halfani alikaa kwenye mkeka wa matanga siku zote tatu. Alileta sukari na gunia la mchele. Yeye ndiye aliyesimama mbele ya watu siku ya mwisho akawakumbusha kwamba mjane anaanza eda, miezi minne na siku kumi, hatoki, hajipambi, haendi sokoni wala shambani, na kwamba ni aibu ya Waislamu wote wa Katesh kama atakosa kitu ndani ya siku hizo. Kisha alisogea karibu na pazia, akasema kwa sauti ya chini, sauti nzuri ya mtu aliyefiwa:

"Shemeji, wewe tulia humo ndani. Ya nje niachie mimi."

Mwamvita alilia. Aliyakumbuka maneno hayo kwa muda mrefu, mwanzoni kwa shukrani.

Duka halikufungwa. Barazani alikuwapo Tomaso, fundi cherehani, Mwiraqw wa Nambis, mtu mpole mwenye mguu mmoja mfupi, aliyekuwa akishona hapo tangu zamani. Mteja alipokuja, Tomaso aliacha cherehani akaingia nyuma ya kaunta. Kama hakujua bei, aliuliza kuelekea kwenye pazia, na sauti ya Mwamvita ikajibu kutoka upande wa pili. Mara nyingine mteja mwenyewe alibishana na pazia. Wanawake wa Kibarbaig waliokuja kununua shanga walilizoea kabisa. Walisimama wakaliamkia pazia, wakauliza habari za nyumbani, wakalidai lipunguze.

Mwezi wa tano Tomaso aliomba ruhusa ya wiki moja kwenda Nambis kumsaidia mama yake kuvuna. Ndani ya wiki hiyo tarishi wa boma alifika kwa baiskeli kutoka Mbulu, akapitisha karatasi chini ya pazia, akataka alama ya kidole. Mwamvita aliweka kidole. Alijua kusoma vizuri, lakini kusoma kwa chuoni: herufi za Kiarabu. Karatasi ile ilikuwa ya mashine na ya Kizungu, na kwake ilikuwa kama nyayo za kuku.

Wala hakuhitaji kumtafuta wa kumsomea. Tarishi hajapanda baiskeli yake, Halfani alikuwa amekwisha fika barazani, anapiga hodi.

"Nimesikia umeletewa barua, shemeji. Nipe nikuangalizie."

Mwamvita aliipitisha karatasi kando ya pazia. Halfani aliisoma kimya, kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Kisha akamwambia kwamba ni mambo ya boma kuhusu nyumba, kwamba Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, anataka kujua nani anakaa wapi sasa baada ya msiba, kwamba kuna siku wataitwa Mbulu. Mwamvita aliuliza kama inampasa kwenda.

"Wewe? Mwenye eda asimame mbele ya Mzungu? Haiwezekani hata kidogo. Nitakwenda mimi, nitawaeleza habari yako."

Na kweli alikwenda. Na kweli aliwaeleza habari yake.

Karatasi ya pili ilikuja mwishoni mwa mwezi wa sita, siku ya Jumamosi, na safari hii Tomaso alikuwapo. Alikuwa amesoma misheni mpaka darasa la sita, na Kiingereza chake kilikwenda polepole kama mkokoteni unaopanda kilima, lakini kilifika. Aliisoma mara ya kwanza amesimama. Mara ya pili alikaa kitini mwake. Mwamvita alisikia cherehani imenyamaza, akauliza kuna nini.

"Mama Mwanaamina," Tomaso alisema, "unajua kwamba umeshtakiwa?"

Alimwita kwa jina la binti yake aliyeolewa Singida, kama siku zote, lakini sauti ilikuwa nyingine. Akamweleza kupitia pazia, neno kwa neno, kama mtu anayemtoa mwenzake miiba. Halfani amedai nyumba yake. Kesi imekwisha sikilizwa Mbulu tangu mwanzoni mwa mwezi. Mdaiwa aliitwa, hakufika. Kwa sababu hakufika, amri imetolewa kwa upande mmoja: ahame ndani ya siku kumi na nne tangu apokee karatasi hii, asipohama atatolewa na askari pamoja na vitu vyake.

Mwamvita alikaa kwenye kitanda alichokitengeneza Bashiri. Kwanza alidhani amesikia vibaya. Kisha akaanza kukumbuka mambo moja moja: hodi iliyopigwa vumbi la baiskeli halijatulia, ukimya mrefu wa kusoma, gunia la mchele. Mwezi uliopita Tomaso alikuwa amemwambia kwamba mnunuzi wa ngano kutoka Arusha anatafuta ghala kando ya barabara, na kwamba anazungumza na Halfani. Hakuwa amelitilia maanani. Sasa alihisi kitu kingine, na hakikuwa huzuni. Huzuni alikuwa ameizoea miezi mitatu. Hiki kilikuwa cha moto.

Mtu huyu alikaa mkekani akihesabu siku zake za eda mbele ya watu. Alizihesabu kweli. Alijua ni siku gani zitaanza na ni siku gani zitakwisha, na katikati yake akachagua siku ya kumshtaki.

"Andika barua," alimwambia Tomaso. "Andika kwamba sikukataa kuitwa. Andika kwamba nilidanganywa."

Tomaso aliandika kwa Kiswahili, kwa penseli aliyochoria mishono, akaipeleka barua kwa dereva wa lori la mahindi aendaye Mbulu. Hakuwa mtu wa ujasiri. Baraza aliyoshonea ilikuwa ya Halfani pia, na alipoutia mkono wake mwisho wa barua alijua anaweza kuikosa. Mkewe Kornelia alimuuliza jioni ile kama amefikiri vizuri. Alimjibu kwamba hakufikiri, kwa maana angefikiri asingeandika.

Jibu lilikuja baada ya siku nne, maneno machache ya karani na mkalimani wa mahakama aliyeitwa Joakimu. Shauri linaweza kufunguliwa tena iwapo mdaiwa atafika mwenyewe, kabla siku kumi na nne hazijaisha. Bwana Shauri atakaa Jumanne. Aje mwenyewe. Maneno hayo mawili ya mwisho yalipigiwa mstari.

Jumanne hiyo eda ingekuwa bado imebakiza siku thelathini na mbili.

Hapo ndipo Katesh ilipogawanyika. Halfani hakugombana na mtu. Alikaa barazani kwake na birika la kahawa, na kila aliyepita alimwambia kwa masikitiko kwamba anaogopa mke wa marehemu mdogo wake atamwaibisha kaburini kwa ajili ya vibao vya rafu. Kufika Ijumaa wanawake watatu walikuwa wamekuja kwa Mwamvita kumsihi asitoke. Mmoja wao alikuwa hajawahi hata kumjulia hali tangu msiba.

Mwamvita alimwita Mwalimu Hasani, mzee aliyesalisha msikitini na kufundisha watoto. Alimwamkia shikamoo kutoka nyuma ya pazia, akamweleza yote, akamwuliza dini inasemaje. Mwalimu Hasani alikohoa. Alikuwa mtu wa elimu kuliko alivyokuwa mtu wa maneno, na kwa miaka mingi alikuwa akila chakula cha Ijumaa nyumbani kwa Halfani. Alianza kwa mbali sana, akazungumzia subira. Mwamvita alimwacha amalize, kisha akamwambia kwamba hakumwuliza habari ya subira.

Mzee akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ya darasani:

"Mjane mwenye haja anatoka mchana. Hilo limo vitabuni, wala halina ubishi. Lakini usiku alale kwake."

"Mbulu hakuendeki na kurudi mchana mmoja, Mwalimu."

"Najua."

"Basi nifanye nini? Nikae nitunze eda katika nyumba ambayo nitatupwa nje yake? Baada ya hapo nitalala kwa nani usiku?"

Mwalimu Hasani alizungusha tasbihi yake. Mwishowe alisema kwamba dhiki ina hukumu yake, na kwamba huyu anaingizwa dhikini na mtu mwingine, hakuitafuta. Aende. Njiani alale kwa Bibi Shumbana wa Dongobesh, mjane mtu mzima, mcha Mungu. Akishamaliza shauri arudi siku zake zilizobaki azikamilishe. Kisha mzee akaongeza kwamba akiulizwa na yeyote, aseme Hasani ndiye aliyemruhusu. Ijumaa ile alikula nyumbani kwake, ugali na mlenda, na mtaa mzima uliliona hilo.

Jumatatu alfajiri Mwamvita alipanda lori. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuona barabara tangu mwezi wa tatu, na mwanga ulimwumiza macho. Alijifunika kaniki ya eda toka kichwani mpaka miguuni, akakaa juu ya magunia. Lori lilipanda kutoka Dareda huku likilia, ukungu wa mwezi wa saba ukawaingia mpaka mifupani. Bibi Shumbana alimpokea Dongobesh kwa uji wa moto, akamlaza chumbani mwake, wala hakumwuliza jambo mpaka asubuhi. Asubuhi alimwambia tu kwamba akifika kule asiongee kwa kuinama.

Mahakama ilikuwa chumba kimoja cha boma, chenye meza, picha ya Malkia na mabenchi mawili. Bwana Shauri alikuwa kijana, uso mwekundu kwa baridi, kalamu ikitembea muda wote. Joakimu mkalimani alisimama kando yake, Mwiraqw mrefu aliyevaa koti lililomzidi kwa mikono. Halfani alikuwa amefika jana yake kwa lori lake mwenyewe. Alipomwona Mwamvita mlangoni alisimama kwa heshima, akamsalimia, akauliza habari za safari. Kama asiyejua kitu.

Halfani aliapa kwa Msahafu. Akasema alimsomea mjane karatasi yote, akamweleza siku na mahali, akamsihi aje. Mjane alikataa. Mwamvita naye aliapa, akasema yaliyosemwa pazia likiwa katikati. Bwana Shauri aliandika maneno ya mmoja na maneno ya mwingine, kisha akauliza kama Halfani ana la kuongeza.

"Ninalo moja tu, bwana," Halfani alisema. Alisema polepole ili yafasiriwe vizuri. "Mwanamke mwenye eda hatoki. Huyu ametoka, mnamwona. Kama hana eda, basi angekuja siku ile. Na kama anayo, basi leo ameivunja, na mtu anayevunja eda ya mumewe sijui mahakama itaaminije kiapo chake."

Akakaa. Alikuwa ametengeneza jambo lililofungwa pande zote. Akija ni mwongo, asipokuja amekosa. Mwamvita alilitazama kama mtu anavyotazama kufuli, na ndani yake ule moto ukageuka kuwa kitu kilichotulia. Alisimama.

"Naomba kuuliza neno moja. Siku ile ambayo sikufika, kuna mtu humu aliyeuliza niko wapi?"

Joakimu alifasiri. Bwana Shauri alirudisha kurasa za jalada nyuma, moja, ya pili, akafika kwenye mwandiko wake mwenyewe. Alisoma. Kalamu iliyokuwa ikitembea muda wote ikasimama. Alisema kitu kifupi kwa Kiingereza.

"Anasema jibu limo kwenye jalada," Joakimu alifasiri.

"Basi naomba nisomewe."

Halfani alisema haraka kwamba hayo yamepita, hayana faida. Joakimu hakumtazama. Aliinama akamwambia Bwana Shauri maneno kwa Kiingereza, na yalikuwa mengi kuliko aliyoyasema Mwamvita. Yeye ndiye aliyefasiri siku ile. Kwa mwezi mzima maneno hayo yalikuwa yamemkaa kifuani, na ndiyo yaliyomfanya apige mstari kwenye barua. Bwana Shauri alikawia, kisha akamsukumia jalada. Joakimu akasoma akifasiri, bila haraka, kama anayesoma somo kanisani:

"Mdai anaiambia mahakama kwamba mdaiwa amefiwa na mumewe, na kwa desturi ya Kiislamu amefungwa ndani mpaka mwezi wa nane, hawezi kutoka. Mdai anasema hakuna faida ya kumngoja. Mdaiwa ameitwa mara tatu mlangoni. Hakufika. Amri inatolewa."

Kwenye benchi la nyuma mzee mmoja aliyekuja kwa kesi ya ng'ombe alifyonya.

Mwamvita alikuwa amejiandaa kwa uongo wa Halfani. Kwa hili hakujiandaa. Alikuwa amedhani kwamba hapa, kwenye meza yenye mihuri, watu walidanganywa kama yeye. Kumbe waliambiwa ukweli, wakauandika vizuri kwa wino, wakaendelea.

"Kwa hiyo mlijua," alisema. Sauti yake haikupanda. "Mliambiwa huyu mtu hawezi kutoka, mkasimama mlangoni mkamwita mara tatu. Mliniita mimi nikiwa Katesh, bwana? Mlitaka nisikie? Yeye anasema nilikataa, nanyi mmeandika kwamba aliwaambia siwezi. Leo ameapa kwa kitabu kwamba alinisihi nije. Na siku ile alisema hakuna faida ya kuningoja. Mimi sijasoma Kizungu, lakini hayo mawili hayawezi kutoka kwenye kinywa kimoja."

Joakimu alifasiri yote, hata yale ambayo mkalimani mwingine angeyalainisha. Halfani alifungua mdomo akasema kwamba maneno yake hayakuandikwa sawasawa, kisha akaona ni mwandiko wa nani, akaufunga.

Bwana Shauri hakuomba radhi. Huenda hakujua namna ya kuomba radhi kwa mwanamke aliyejifunika kaniki, au huenda meza ile haikuruhusu. Aliandika kwa muda, kisha akatamka. Amri ya mwezi wa sita imefutwa. Shauri litasikilizwa upya mwezi wa nane, baada ya eda kwisha, na litasikilizwa Katesh yeye mwenyewe atakapokuwa safarini huko, ili pasiwe na wa kusema hakuweza kufika. Mpaka siku hiyo mpangaji asiguswe, wala kitu chake.

Joakimu alimgongea Mwamvita nakala ya amri muhuri mara mbili, ingawa mmoja ulitosha.

Nje kulikuwa na jua jembamba. Halfani alimngoja kando ya lori lake, kofia mkononi, na uso wake ulikuwa umerudi kuwa ule wa matanga.

"Shemeji, hayo ni ya mahakamani, tuyaache huko huko. Njoo ukae mbele, nikufikishe. Siyo vizuri mwenye eda kupanda magunia."

"Mimi si shemeji yako," Mwamvita alisema. "Ni mpangaji wako. Uniite hivyo. Na ukitaka nyumba yako, unipe notisi kama anavyopewa mpangaji, mchana, kwa lugha ninayoisoma."

Akavuka kwenda kwenye lori la mahindi.

Alifika Katesh Jumatano alasiri, mifupa inauma, nakala imefungwa kwenye pindo la kaniki. Kutoka mbali aliona duka lake lina kitu kisicho cha kawaida, kama uso wa mtu aliyeng'oka jino. Alipokaribia alielewa. Mlango haukuwapo. Bawaba zimeng'olewa pamoja na vipande vya fremu, na ndani kulionekana mpaka kwenye pazia.

Katikati ya uwazi ule Tomaso alikuwa ameweka cherehani yake, anashona. Kornelia alikuwa amekaa kando yake kwenye kigoda, ametandaza maharage anayachambua. Na mbele yao, kwenye kizingiti, alikaa mzee wa Kibarbaig aliyejifunga shuka lililopauka, fimbo yake imelazwa magotini.

Tomaso alieleza bila kuinua macho, kwa sababu macho yake yalikuwa mekundu. Jumatatu, lori lilipopotea tu kwenye kona, vijana wawili wa Halfani walikuja na nyundo. Walisema mpangaji amehama mwenyewe, ameonekana akiondoka, na nyumba iliyohamwa ni ya mwenyewe. Wakabeba mlango. Walitaka kuanza kutoa vitu, ndipo Tomaso akasogeza cherehani yake pale. Hakujua afanye nini kingine. Mguu wake hauwezi kupigana.

"Wangenisogeza," alisema. "Ni huyu ndiye aliyewashinda."

Mzee wa Kibarbaig aliitwa Gidahosh, na alikuwa ametembea kutoka Getanuwas kuja kununua shuka jeusi. Alifika mlango ukiwa unang'olewa. Vijana walimwambia duka limefungwa. Aliwajibu kwamba haoni lilipofungwa, kwa kuwa halina mlango, na akakaa kizingitini kungoja kuhudumiwa. Walimwambia mwenye duka yuko Mbulu. Alisema atangoja. Walimwambia atarudi keshokutwa. Alisema ng'ombe wake wana watu, hana haraka. Walimtazama, wakaitazama fimbo yake, wakaondoka kutafuta ushauri, na mtu wa kuwashauri alikuwa Mbulu akiapa. Siku mbili mzee alikaa pale. Kornelia alimletea uji. Mwalimu Hasani alikuja mchana kukaa naye, wakazungumza kwa mikono kuliko kwa maneno. Siku ya pili wale wanawake watatu waliomsihi Mwamvita asitoke walipita, wakauona uwazi ule, wakasimama. Kisha mmoja wao akakaa naye, akaanza kuchambua maharage ya Kornelia.

Mwamvita alilifungua pindo. Alimpa Tomaso nakala, akamwambia aipeleke kwa wale vijana awasomee, sauti iwe kubwa, na asisahau mihuri. Tomaso aliondoka akichechemea katikati ya barabara, karatasi ameishika mbele kwa mikono miwili, na watu wakatoka madukani kumfuata. Punde alisikika akisoma. Kisha vijana walionekana wakitoka kwenye ua wa Halfani, mlango mabegani mwao, wakitembea kwa kuangalia chini. Hakuna aliyewazomea. Watu waliwatazama tu, na hilo labda lilikuwa zito zaidi.

Kazi ya kuurudisha ingechukua muda, kwa sababu fremu ilikuwa imepasuka. Mwezi wa nane ungefika, na Halfani angesimama tena na maneno mapya, hilo Mwamvita alilijua. Safari ile angesikilizwa akiwapo.

Alikuwa amechoka, na mbele yake kulikuwa na siku thelathini na moja za kumtunzia Bashiri eda yake. Lakini jua lilikuwa bado liko juu. Alipita kando ya cherehani, akaingia nyuma ya kaunta ya mninga, akashusha jora la kitambaa cheusi.

"Shikamoo, mzee," alisema. "Samahani kwa kukuweka. Mikono mingapi?"

Gidahosh aliinuka polepole, akajinyoosha mgongo, akakitazama kitambaa kwa jicho la mtu anayenunua ndama.

"Minane," alisema. "Na upime vizuri. Nimengoja."

Nyuma yake nyundo ya kwanza ikagonga fremu. Mwamvita akanyoosha mkono, akaanza kupima.